Ijumaa Juu ya Ulingo

Nyumbani kwa Melkior kiti cha wageni ni kimoja tu, na Jumatano ile walikipa simu.

Kosa lilikuwa la Getrude, mkewe. Yeye ndiye aliyemwambia mama mkwe wake kwamba kesho saa nne asubuhi Melkior ataonana na daktari wa Dodoma kwenye simu. Bibi Mary alisikia neno moja tu, daktari, na kwake daktari ni mgeni, na mgeni ni mgeni hata angekuja kwa njia gani. Kulipopambazuka jogoo mwekundu alikuwa ameshanyonyolewa. Kiti cha mbao chenye mikono kikapanguswa vumbi, kikavalishwa kitambaa cha kufuma, kikasogezwa dirishani ambako mtandao hushika ukiwa na bahati. Juu yake ukawekwa mto, na juu ya mto ikaegemezwa simu ya kupangusa ambayo Getrude alipewa na dada yake wa Mpanda mjini.

Saa tatu na nusu ndugu wakaanza kuingia. Gabrieli, kaka mkubwa wa Melkior, alivaa koti lake la harusi na ubatizo. Mashangazi wawili walikuja na kanga ambazo hazijafuliwa hata mara moja. Maana pale kijijini Usevya mgonjwa hasemi, mgonjwa husemewa. Ukiumwa jino, kaka yako atamweleza daktari linavyouma, na shangazi atamsahihisha. Ni heshima, na ni upendo pia, na Getrude, aliyeolewa hapo miaka kumi na tisa iliyopita, hakuwahi kuona ubaya wake hadi siku hiyo.

Melkior mwenyewe alikuwa kwenye kigoda nyuma ya mlango. Huyu ndiye mwalimu wa kwaya ambaye sauti yake ilikuwa ikivuka majaruba matatu ya mpunga bila kuchoka, mtu wa kutaniana na kila apitaye njia. Tangu Kwaresima ianze alikuwa kama redio iliyoishiwa betri. Usingizi hakuna, chakula hakipiti, wimbo ndiyo usiseme. Pasaka ilipita kwaya ikiongozwa na mtu mwingine, yeye akiwa kitandani anatazama ukuta, mchana kweupe. Ukimuuliza anaumwa nini, anasema haumwi. Ukimuuliza ana nini, anasema hana kitu.

Getrude aliwahi kumpeleka kituo cha afya mara moja. Wakakaa kwenye benchi, na benchi lile kila anayepita hulisalimia. "Mwalimu, unaumwa nini?" akauliza mwanakwaya wa kwanza. "Mwalimu, mbona umekonda hivyo?" akauliza wa pili. Alipouliza wa nne, Melkior alisimama akarudi nyumbani kwa miguu, akaapa hakanyagi tena pale. Ndipo muuguzi Hana alipomfuata Getrude nje na kumweleza kwamba siku hizi kuna daktari wa afya ya akili anayeongea na wagonjwa kwa simu ya picha, na dawa zikihitajika zitapitia kwake yeye Hana.

"Hata akiwa nyumbani kwake," Hana alisema. "Benchi halihitajiki."

Saa nne kamili simu ikalia. Kiooni akatokea dada mmoja mwenye miwani, nyuma yake ukuta mweupe.

"Tumsifu Yesu Kristo," Bibi Mary akaisalimia simu, akikunja goti.

"Milele amina, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Pole na safari."

Daktari akarekebisha miwani. "Asante, bibi. Nimeshapoa. Mimi naitwa Daktari Agape. Melkior yupo?"

"Yupo," Gabrieli akajibu, akasimama mbele ya kiti na kufunga kifungo cha koti. "Mimi ndiye msemaji, daktari. Naomba nianzie mbali kidogo. Baba yetu marehemu alijaliwa watoto saba."

Akaanzia mbali kweli. Akapita mwaka wa mafuriko, akapita mgogoro wa mpaka wa shamba, akapumzika kwenye ndoa yake mwenyewe. Mashangazi wakasahihisha miaka. Simu nayo ilikuwa inakula bando kimyakimya. Daktari aliomba mara mbili amwone mgonjwa, na mara ya pili shangazi mmoja akaigeuza simu kuelekea mlangoni.

"Nimeona goti," daktari akasema kwa upole. "Naomba na mwenyewe."

"Nafika kwake, daktari, nafika," Gabrieli akasema, akaigeuza simu tena. "Kubwa ni usingizi. Saa nane ya usiku macho yako wazi. Unahesabu mbao za paa. Ziko kumi na nne. Ukimaliza unaanza upya kutokea upande wa mlango. Mke anakoroma pale, unamwonea wivu. Jogoo akiwika unashukuru, kwa sababu sasa unaweza kuamka na mtu asikuulize."

Hata shangazi hakusahihisha.

"Baba," daktari akasema, "hiyo ya mbao za paa, nani alikuambia?"

Gabrieli alifungua mdomo. Palepale uso wa daktari ukaganda, jicho moja limefumba, kisha kioo kikawa cheusi. Bando lilikuwa limekwisha.

Bibi Mary akakitazama kiti kwa muda mrefu. "Ameondoka bila kula," akasema, na siku ile hakuna jambo lililomuumiza kuliko hilo.

Walipomaliza kumla jogoo, Gabrieli akanawa mikono na kutoa hukumu. Simu imejaribiwa, simu imeshindwa. Jumamosi ataleta pikipiki mbili, na Melkior atapelekwa kwa mtaalamu mmoja wa mitishamba huko juu Mwese, atakaa huko mpaka Agosti.

"Shemeji, mpunga uko kwenye masuke," Getrude akasema. "Nitavuna na nani?"

"Mpunga ni mpunga. Ndugu yangu ni ndugu yangu."

Getrude alimkumbuka mwanamume mmoja wa kitongoji cha pili aliyepelekwa kwa mtaalamu huyohuyo mwaka juzi. Alirudi na alama za kamba kwenye vifundo vya mikono, na mpaka leo ukimsalimia kwa ghafla anaificha mikono nyuma. Getrude akamtazama mumewe pale kwenye kigoda. Melkior alikuwa ameyasikia yote, na hakusema ndiyo wala hapana. Hilo ndilo lililomtia Getrude hofu kuliko pikipiki.

Jioni daktari akatuma ujumbe. Ijumaa saa nne ana nafasi. Anaomba amsikie Melkior mwenyewe, na awe peke yake.

Peke yake. Getrude alicheka kwa uchungu. Nyumba ya vyumba viwili, mama mkwe, mashangazi waliotangaza kwamba watalala hadi Jumamosi, na mtandao unaopatikana dirishani tu.

*

Alhamisi Getrude alikwenda kuamia ndege. Mwezi huo wa tano punje za mpunga zina maziwa ndani, na kwelea kwelea wanalijua hilo kuliko bwana shamba. Wanakuja wingu zima, wanatua, na ukichelewa dakika kumi unabaki na majani. Kwa hiyo kila shamba lina ulingo wake, kichanja cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo nne, na juu yake anakaa mtu tangu asubuhi hadi jioni, ana teo la kurushia mabonge ya udongo, ana debe la kugonga, na zaidi ya yote ana koo.

"Mwangaluka, mama Jeni," Malale akamsalimia Kisukuma kutoka ulingo wa pili. Huyu ni jirani yao Msukuma, alihamia na ng'ombe wake, akapenda mpunga, akabaki. Kati ya shamba lake na lao kuna tuta moja tu.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Baba Jeni vipi?"

"Yupo."

Malale akatafuna jibu hilo. "Mwaka jana nilitaka kumshtaki," akasema. "Akipiga kelele huko, ndege wote wanahamia kwangu. Nililia. Mwaka huu nimepata amani, lakini mama Jeni, siyo amani nzuri. Mwambie namdai kelele."

Getrude akageuka upande ili Malale asimwone anavyofuta macho. Na hapo, ndani ya fundo la kanga kiunoni, simu aliyoitia bando jipya asubuhi ile ikaanza kutetemeka. Ikalia mara moja, ikalia tena, ujumbe juu ya ujumbe: dada yake wa Mpanda, binti yake Jeniffer aliye shuleni, picha za harusi ya mwezi uliopita ambazo nyumbani hazikuwahi kufunguka. Akaitoa. Vile vijistari vya mtandao, ambavyo dirishani huwa kimoja cha kubembeleza, hapa juu vilikuwa vinne vimesimama.

Aliangalia huku na huku. Mpunga pande zote, na mtu wa karibu ni Malale, aliye mbali hatua mia na zaidi. Akacheka peke yake mpaka Malale akauliza kuna nini.

"Ndege," akasema Getrude.

*

Jioni, kabla taa haijawashwa, alimfuata Melkior nyuma ya nyumba alikokuwa ameketi anaangalia kuku.

"Baba Jeni, kesho twende wote kuamia."

"Sina sauti."

"Sauti ninayo mimi. Wewe utakaa juu. Saa nne daktari atakupigia hukohuko."

Melkior akatikisa kichwa. "Nikae juu, dunia nzima inione?"

"Dunia nzima itamwona mtu anaamia ndege. Tangu uzaliwe, ulishasikia mtu aliye ulingoni akiulizwa anaumwa nini?"

Alifikiri. Kuku wawili wakagombania punje moja, wakaiacha wote.

"Na kaka?"

"Kaka atajua tumeenda shamba. Si uongo."

Akarudisha macho kwa kuku hata Getrude akadhani ameshaondoka tena ndani ya kichwa chake kama kawaida. Kisha akasema, "Ile ngazi ya pili ya ulingo imelegea. Sijui kama uliifunga."

Lilikuwa jambo la kwanza la shamba kuulizia mwenyewe tangu Kwaresima.

*

Ijumaa saa nne kasorobo Melkior alikuwa juu, mgongo kwenye nguzo, simu ameishika kwa mikono miwili. Getrude alishuka, akaenda kusimama kwenye tuta hatua ishirini hivi, teo mkononi, mfuko wa mabonge ya udongo begani. Alijiambia kwamba hasikilizi. Lakini upepo ulikuwa unatoka upande wa ulingo, na masikio hayana mlango.

"Leo nakuona vizuri," sauti ya daktari ikasema. "Juzi niliona goti."

Melkior hakucheka. Aliulizwa usingizi, akajibu haba. Aliulizwa chakula, akajibu haba. Aliulizwa furaha, hakujibu. Kila swali lilitumbukia na kupotea, na Getrude akaanza kuona pikipiki mbili zinakuja, moja ya kumbeba mumewe na moja ya kumshikilia.

Mara kwelea kwelea wakaja. Wingu lenyewe, likainama juu ya jaruba.

"Hoooo!" Getrude akapaza. "Tokeni hapa! Wezi wakubwa nyie! Kila siku kula tu, kazi hamfanyi, hamna haya! Hamna kwenu?"

Ndege wakapaa. Juu ya ulingo sauti ya daktari ikatoka imebadilika.

"Baba Jeni, kuna mtu anakutukana hapo?"

"Hapana, daktari. Ni mke wangu."

"Ndiye anayekuita mwizi?"

"Siyo mimi." Melkior akasema. "Anawaambia ndege."

"Ndege?"

"Tunaamia mpunga, daktari. Nikifukuza mimi huwa nawatukana zaidi ya hapo."

Ndipo Getrude alipokisikia. Kicheko kidogo, kikavu, cha mlango ambao haukufunguliwa siku nyingi. Daktari naye akacheka huko Dodoma. Getrude alilibana teo mpaka vidole vikauma, kwa sababu angeachia mikono angepiga kigelegele.

Baada ya hapo Melkior akaanza kusema, mwenyewe, bila msemaji.

"Nimechoka, daktari. Siyo uchovu wa kazi, huo naujua. Naamka nimechoka. Nasimama mbele ya kwaya, naona midomo yao inafunguka, hapa ndani sisikii kitu. Nikaona nawadanganya watu. Mtu asiyesikia wimbo anafundishaje wimbo?"

"Umemwambia nani haya?"

"Wewe. Nyumbani kila mtu ananisemea."

Kwelea kwelea walikuwa wamezunguka. Getrude aliwaona wakirudi kutoka upande wa bonde, wakashuka kwenye kona ya chini, kona ile ambayo masuke yake yalikuwa mazito kuliko yote. Akavuta pumzi apige kelele.

"Nakuuliza jambo, na usiogope kunijibu," daktari akasema. "Umewahi kufikiri kwamba bora usingekuwepo?"

Getrude akaifunga pumzi kifuani. Alijua kwamba akipaza sauti sasa, Melkior atageuka, na mdomo ule uliofunguka leo utajifunga, na kesho ni Jumamosi. Kona ya chini ilikuwa ikichemka ndege. Alisikia masuke yanavyovunjika. Miezi mitano ya kuinama kwenye tope, mpunga wa ada ya Jeniffer, mpunga wa kula, naye amesimama na teo mkononi anawaangalia wanavyokula.

"Kuleni," alisema moyoni. "Kuleni, lakini asinyamaze."

"Ndiyo," Melkior akasema. "Mara mbili."

Machozi yakamshuka Getrude na hakuyafuta. Miaka kumi na tisa kitanda kimoja, na hakujua. Daktari akaendelea kuuliza kwa sauti ya chini, bila kushtuka, bila kumkemea, na Melkior akaendelea kujibu.

Kule ng'ambo ya tuta Malale alikuwa ameliona jambo ambalo hajawahi kuliona: ndege wametua, mwenye shamba amesimama, na hapigi kelele. Akamtazama Getrude. Akamtazama Melkior juu ya ulingo, simu usoni, mabega yanatikisika. Malale ana maneno mengi, lakini siyo mjinga. Akashuka, akavuka tuta mbiombio peku, akavua shati, akaingia kwenye kona ile akilizungusha shati hewani, anaruka, anapiga mikono, mdomo ameufunga kabisa. Mwanamume mzima wa Kisukuma, mwenye kitambi chake, akicheza ngoma isiyo na ngoma katikati ya mpunga. Ndege wakapaa kwa mshtuko. Malale akabaki amesimama, anahema, akaweka kidole mdomoni kumwonyesha Getrude kwamba yeye hakuja hapo.

Kona ilikuwa imeliwa nusu. Nusu ilibaki.

Mwishoni daktari akaomba kuongea na mke. Getrude akapanda.

"Mama Jeni, dawa za kuulia wadudu mnaziweka wapi?"

"Chini ya kitanda, daktari."

"Leo hii zitoke hapo. Azifungie mtu mwingine, mzee, ufunguo akae nao yeye. Melkior amekubali mwenyewe, tumeshaongea. Dawa zake nazituma kwa Hana. Hazifanyi kazi kwa siku moja, zitachukua wiki kadhaa, msikate tamaa. Kila Ijumaa saa nne tutaongea. Na hali ikiwa ngumu wakati wowote, msisubiri Ijumaa, pigeni namba hii, na mwiteni Hana."

"Hapa hapa ulingoni?"

"Hapo hapo," daktari akasema. "Sijawahi kupata chumba kizuri kama hicho."

*

Lile kopo la dawa ya wadudu, Bibi Mary alilifungia kwenye sanduku lake la bati, pamoja na kanga aliyoiandaa kwa maziko yake, na ufunguo akautundika kwenye rozari. Getrude alimweleza sababu bila kuficha. Bibi kizee alikaa chini akashika kichwa, akalia kidogo, kisha akauliza, "Yule daktari aliyeitikia milele amina ndiye kasema?"

"Ndiye."

"Basi."

Jumamosi pikipiki mbili zikanguruma uani. Gabrieli akaingia na koti lake. Melkior alikuwa kwenye kiti cha wageni, maana Getrude alimkalisha hapo makusudi, na mbele yake kulikuwa na bakuli la uji limefika nusu.

"Jiandae, mdogo wangu."

"Siendi, kaka."

Gabrieli akamgeukia Getrude, kwa kuwa hakuzoea kujibiwa na mgonjwa. "Anasemaje?"

"Muulize mwenyewe, shemeji. Yuko hapo."

"Nimeongea na daktari," Melkior akasema taratibu. "Sijapona. Amesema huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine na nitatumia dawa. Jana nimelala masaa manne."

"Masaa manne," Gabrieli akarudia. Aliyasema kama mtu aliyetajiwa nyama.

"Na kaka, ile ya kuhesabu mbao za paa, uliitoa wapi? Mimi sijawahi kuhesabu. Na nyumba hii haina mbao kumi na nne. Ziko tisa."

Gabrieli akainua macho kwenye paa, akayashusha. "Ulikuwa mfano tu," akasema. Akajigusa vifungo vya koti, kimoja kimoja. Kisha akawageukia waendesha pikipiki nje akawaambia safari imeahirishwa. Mmoja wao akanung'unika, naye Bibi Mary akatoka na kuwauliza kama wamekunywa uji.

*

Haikuwa hadithi ya kulala mgonjwa na kuamka mzima. Wiki ya kwanza vidonge vilimkausha mdomo Melkior, akatishia kuviacha. Wiki ya pili alirudi kitandani siku mbili, na Hana akaja jioni kumjulia hali, akijifanya amefuata mboga. Lakini kila Ijumaa saa nne alipanda ulingo, na Getrude akakaa kwenye tuta. Watu wakipita njiani wanauliza, "Mwalimu yuko wapi?" na Getrude anajibu, "Anaamia ndege," na wanapita.

Ijumaa ya tano Getrude alikuwa anafunga kanga vizuri ashike teo, wingu la ndege linakuja, mara kutoka juu ya ulingo ikalipuka sauti.

"HOOOOO! Nyie watoto wa mashetani, nani kawaalika hapa?"

Ikavuka jaruba la kwanza, ikavuka la pili, ikaliacha la tatu nyuma. Ndege waligeuka wote kwa pamoja. Simu ikasikika ikisema, "Baba Jeni, masikio yangu."

"Samahani, daktari."

"Usiombe samahani. Piga tena."

Akapiga tena. Kule ng'ambo ndege wote wakatua shambani kwa Malale, naye akasimama juu ya ulingo wake mikono kiunoni.

"Ndiyo nini sasa?" akaita. "Nitamshtaki huyu mtu. Safari hii kweli." Na sauti yake yenyewe ilikuwa inacheka.

*

Kwa desturi mpunga ukishavunwa ulingo hubomolewa, miti inakuwa kuni. Mwaka huo shamba lilivunwa, kona ile moja ikitoa kidogo kuliko mwaka jana, magunia yakaingia ndani, na ulingo ukabaki umesimama katikati ya mabua. "Uacheni," Melkior alisema, akaenda zake mazoezi ya kwaya.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, Getrude alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai pembeni mwa shamba, akamwona Gabrieli anakuja kwa njia ya nyuma, ile ambayo hakuna anayeipita. Jua lilikuwa kali, naye amevaa koti. Mfuko mmoja wa koti ulikuwa umevimba umbo la simu. Akasalimia, akauliza habari za watoto ambao alikuwa ameshauliza habari zao jana, akatazama shamba tupu.

"Shemeji," akasema, "naona ndege bado wanasumbua."

Hapakuwa na mpunga. Palikuwa na njiwa wawili wanaokota punje zilizodondoka, na jua. Getrude alikuwa na miaka kumi na tisa ya hotuba za Gabrieli za kulipiza, na hapo palikuwa mahali pazuri pa kuanzia. Lakini aliona macho yake, mekundu, ya mtu anayejua hesabu ya mbao zake vizuri mno.

"Wapo wengi mwaka huu, shemeji," akasema. "Panda ukawaamie. Ngazi ya pili kanyaga pembeni."

Gabrieli akaenda. Alipanda polepole, koti likimnasa, akaketi mgongo kwenye nguzo na kuitoa simu. Akaanza na baba yao marehemu aliyejaliwa watoto saba, kwa sauti yake ileile ya msemaji, kisha sauti ikapungua, ikapungua, hadi ikawa ya mtu mmoja tu.

Njiani walikuwa wanakuja wanawake wawili wa kwaya, wanaongea. Getrude akaliacha turubai. Akalichukua teo lililotundikwa mtini, akaenda akasimama kwenye tuta, hatua ishirini.

"Hoooo!" akapaza kuelekea mbingu tupu, ili wapitao wasisikie kitu kingine. "Tokeni hapa, wezi wakubwa nyie!"

Ng'ambo Malale alikuwa anarekebisha zizi. Akanyoosha mgongo. Akaliangalia jaruba lisilo na mpunga, akamwangalia Getrude, akamwangalia Gabrieli juu ya ulingo, mabega yake yanatikisika. Akaweka chini nyundo, akavuka tuta, akavua shati.